Uyoga Uliobeba Chaki

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu ulipobadilisha godoro. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu sana, na anauliza kama ile fulana nzito aliyokushonea unaivaa au umeshampa mtu kama ile nyingine. Mdogo wangu naye hajambo; jino la mbele limeng'oka na sasa anapiga mluzi kutwa, hata akiwa anatafuna.

Baba, naandika kwa sababu unanijua. Kwenye simu maneno hunikwama kooni mpaka mtu wa upande wa pili akadhani mtandao umekatika. Siku ile ulipopanda kilimani kutafuta mtandao na kuongea na Baba Mdogo, nilikuwa nimesimama kando yake. Aliponipa simu nikatikisa kichwa. Nilimsikia akikwambia kwamba mti wa Mama unakatwa, na kwamba mimi, mtoto wake wa kumzaa, ndiye niliyeuchongea kazini. Nilimsikia pia akirudia maneno yako kwa mshangao, kwamba utaacha kazi mwisho wa mwezi, urudi umtafutie Mama mahali pengine pa kushonea. Tangu hapo hupatikani. Dereva wa lori la saruji amesema anakuja huko kambini kwenu, nami nimemwomba aiweke barua hii mfukoni, si kwenye boksi la spana, ikufikie kabla hujaongea na msimamizi wako.

Kwa hiyo nianze na lile kubwa, mengine utayasoma taratibu ukiwa umekaa. Mti haukukatwa. Mama yuko chini yake leo hii, anashona mapazia ya mwalimu mkuu na kulalamika kwamba mwalimu mkuu hajui kupima dirisha. Usiache kazi, Baba. Njoo kwa likizo kama kawaida, tumekukumbuka sana, lakini usiache kazi kwa sababu ya uyoga.

Mambo yalianza hivi. Unajua kwamba baada ya mitihani nilipata kibarua katika idara ya miti na bustani. Kazi yangu ni kushika ncha ya futi wanapopima unene wa shina, kuandika namba, na kubeba brashi. Tunapita mtaa kwa mtaa, mti kwa mti. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu miti haikuulizi matokeo yanatoka lini. Mkuu wa kundi letu wanamwita Bwana Rangi. Mti wenye hatari hupakwa eksi kubwa nyekundu, na kopo la rangi hiyo hamwachii mtu. Hata viatu vyake vina madoa mekundu, na wakataji humtania kwamba iko siku watamkata yeye kwa makosa.

Usimchukie Bwana Rangi, Baba. Msimu wa mvua uliopita, kabla sijaanza kazi, alipita kwenye mti mmoja mkubwa sokoni, akaona uyoga chini ya shina, akasema mti bado una majani mabichi, una nguvu zake. Haukupita muda mti ukalala juu ya kibanda cha muuza mboga. Muuza mboga alikuwa ametoka kwenda kutafuta chenji, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama yake. Tangu siku hiyo Bwana Rangi habishani na uyoga. Mti ukiwa na uyoga unapata eksi, na wiki inayofuata wakataji wanakuja.

Si uyoga wa kupika ninaousema. Ni ule unaoota ubavuni mwa mti, hauna mguu, umekaa kama rafu iliyopigiliwa ukutani, mgumu kama soli ya kiatu. Ofisini kuna picha ya ule ulio mbaya kuliko yote, na Bwana Rangi alinifundisha kuutambua. Mgongo wake ni mwekundu wa kuelekea kahawia, unang'aa kama meza iliyopakwa vanishi, na ukingo wake ni mweupe. Huota kwenye mti ulio hai na kuula kwa ndani, mizizi na kiini, huku majani juu yanaendelea kupendeza. Aliniambia nikiuona mwekundu wenye ukingo mweupe, nisikae kujiuliza, nimwite.

Mchana mmoja nilipitia kwa Mama kula. Unapajua mahali pake: ukuta wa zahanati upande huu, barabara upande ule, mti katikati na cherehani chini yake. Nilikaa kwenye kigoda, nikafungua bakuli, nikainua macho. Nyuma ya bega la Mama, kwenye shina, kulikuwa na kirafu chekundu, na juu ya kirafu hicho Mama ameweka chaki yake ya kuchorea vitambaa pamoja na pini. Nimekiona kirafu kile miezi mingi. Nimewahi hata kumpa Mama chaki kutoka hapo. Ila sikuwahi kukitazama. Siku ile nilikitazama kwa macho ya kazini, nikalirudisha tonge bakulini. Kilikuwa chekundu, na ukingo wake mweupe.

Nilimuuliza Mama kile kitu kimekuwepo tangu lini. Akasema kwa furaha kwamba kilichipuka wakati wa mvua, na kwamba wenzake wananunua rafu, yeye ameoteshewa. Akachukua chaki, akachora mstari kwenye kitambaa, akairudisha pale pale.

Jioni ile sikusema kitu. Mama aliniuliza kama naumwa, nikasema ni jua. Nilikuwa nageuza jambo moja huku na huku kichwani. Nikisema, Mama anapoteza mahali ambapo wateja wamezoea kumkuta tangu mimi natambaa. Baba Mdogo amekuwa akimwambia siku nyingi ahamishie cherehani kwenye chumba chake cha uani, ambako hapiti mtu ila paka. Nisiposema, basi kila upepo utakapovuma nitamwona Mama ameinamia pindo la gauni la mtu, na mti uko juu yake. Asubuhi upepo ulivuma. Haukuwa mkubwa, ulichezea tu kamba ya nguo, lakini ulinitosha. Nilimfuata Bwana Rangi, nikamwambia kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliniomba nirudie. Nilipomweleza chini ya mti ule anakaa nani, alivua kofia.

Sijui Baba Mdogo alikuelezaje, lakini hakuna aliyemfokea Mama siku ile. Bwana Rangi alimwamkia vizuri, akamwomba asogee, akaugonga mti kwa nyundo ya mbao. Kwingine kote shina lilijibu kwa sauti nzito, lakini pale penye uyoga lililia kama mlango wa kabati tupu. Akaunyofoa uyoga, akanipa niutie kwenye bahasha. Mama aliuliza ni nani aliyeuona. Bwana Rangi akajibu kwamba ni mfanyakazi wetu mmoja. Mfanyakazi mwingine aliyekuwepo hapo ni mimi tu. Mama alinitazama, midomo imebana pini, na kwa sababu ya zile pini sikuweza kujua kama amekasirika. Eksi ikapakwa. Kamba ikafungwa kuuzunguka mti. Mama akahamisha cherehani juani, kando ya ukuta, chini ya mwavuli ambao nusu ya mbavu zake zimevunjika.

Baba Mdogo alikuja nyumbani jioni, hata hakukaa. Aliuliza ni mtoto gani huyu anayemchongea mama yake kwa ajili ya kibarua. Akasema ada yote ile imelipwa ili nije kumtoa Mama kivulini. Mama alikuwa anapiga pasi. Akamjibu bila kuinua kichwa kwamba mtoto katumwa na kazi yake, na kama shemeji yake anataka kusaidia, ashike upande wa pili wa shuka. Akashika. Lakini mimi Mama hakuniambia chochote, na hilo ndilo lililoniuma kuliko maneno ya Baba Mdogo. Alinipakulia kama kawaida, akanikumbusha sweta, ila hakunitania. Na wewe unaijua nyumba yetu inavyokuwa Mama asipotania.

Sasa nikueleze habari za ile bahasha. Ilikuwa imekaa wazi mezani kazini mpaka siku ya wakataji kuja, nami ilibidi niandike namba ya mti juu yake na kuipeleka kabatini. Kabla ya kuifunga niliutoa uyoga niuangalie mara ya mwisho, na kidole changu kikawa cheupe. Nikachukua kitambaa, nikafuta ukingo. Weupe wote ukatoka. Chini yake ukingo ulikuwa mwekundu kama sehemu nyingine zote. Ilikuwa chaki, Baba. Miezi yote ile Mama alikuwa akiipitisha chaki yake juu ya ukingo kila anapoichukua na kila anapoirudisha, na unga wake ukaganda pembeni kama pindo lililoshonwa vizuri.

Nikaugeuza. Ule mbaya, kwa chini ni mweupe, na ukiukwaruza kwa ukucha panabaki mstari wa kahawia kama umeandika kwa penseli. Huu wekundu wake ulielekea rangi ya chungwa lililoiva, juu na chini, nao ulikuwa mwembamba, na kwa chini ulikuwa na vitundu vidogo mno, kana kwamba mtu ameutoboa kwa sindano ya mashine. Niliukwaruza. Haukuandikika.

Nilijiuliza kama naona kilichopo au naona ninachokitaka. Nilimwonyesha Bwana Rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema chaki au si chaki, yeye amelisikia shina likilia tupu, na hataki kuja kumfukua mama yangu kama alivyofukua nyanya za watu sokoni. Alikuwa ananihurumia, na alikuwa anaogopa kile kile ninachokiogopa mimi.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumuuliza. Tunamwita Dakta. Ni mwanamke wa rika la Mama, kazi yake ni magonjwa ya miti, na alikuwa amerudi siku hiyo kutoka safari. Sikuwahi kusema naye zaidi ya salamu, na hiyo salamu yenyewe nilikuwa naimalizia tumboni. Nilisimama mlangoni kwake nimeshika bahasha mpaka akasema, bila kugeuka, kwamba niingie au nitoke, maana nawashikia nzi mlango. Nikaingia.

Aliuweka uyoga chini ya taa, akavaa miwani, akashika na kioo cha kukuzia juu ya miwani. Nilipoanza kumweleza habari za Mama alinikatiza kwa upole, akataka kwanza habari za mti. Uyoga uliota juu kiasi gani? Jua linapapiga pale? Ulikuwa mmoja au umetanda? Nikamjibu kwamba ulikuwa usawa wa bega la mtu aliyekaa, kwamba jua la asubuhi hupapiga sana, na kwamba ulikuwa mmoja na watoto wake wadogo pembeni. Aliutaja kwa jina refu la vitabuni ambalo sikulishika, kisha akanieleza kwamba huu si ule wa kwenye picha. Huu hauli mti ulio hai. Chakula chake ni mti uliokwisha kufa: magogo, kuni, nguzo za ua, hasa zikiwa juani. Nilitaka kucheka. Akainua kidole.

"Usifurahi bado, mwanangu. Kama umetokea kwenye shina, basi humo ndani kuna mahali pamekufa, na sijui ni pakubwa kiasi gani. Jina lake tumelipata. Sasa twende tukaangalie unakula nini."

Tulipofika, wakataji walikuwa wametutangulia. Msumeno wa mashine ulikuwa umeshajazwa mafuta, na kiongozi wao, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza mpira, alikuwa anawasogeza watu. Foleni ya zahanati ilikuwa imehamia barabarani kutazama. Hata mgonjwa wa mguu aliyekuja amebebwa alikuwa amesimama. Mama alikuwa kule juani anashona, amegeuzia mti mgongo.

Dakta na Bwana Rangi walivutana kwa adabu. Bwana Rangi aliuliza, mti ukianguka, nani atakwenda kuwaeleza watu. Dakta akasema ataanza kwa kukaa chini yake yeye mwenyewe. Halafu akanigeukia, akaniambia nimweleze mkuu wangu na wakataji habari za chaki, kwa sababu niliyeziona ni mimi. Baba, mbele ya watu wote wale. Nilianza. Nikasema ukingo ulikuwa chaki, nikasema kwa chini ni rangi ya chungwa, nikasema haukuandikika. Mtu mmoja nyuma akalalamika kwamba hasikii. Nikarudia kwa nguvu. Sijui sauti ile ilikuwa imehifadhiwa wapi miaka yote hii, lakini ilitoka, na cherehani ya Mama ikanyamaza.

Bwana Rangi alitazama kopo lake, akatazama mti, akasema haya, tazameni.

Dakta alichukua patasi, akaanza kupunguza gome pale uyoga ulipokuwa. Gome lilikuwa limevimba kama mdomo uliofumbwa. Alipolifungua, ndani palikuwa na mti uliokufa, wa kijivu, unaovunjika kwa kidole kama biskuti iliyoloa. Bwana Rangi akatazama chini. Nami nikajua basi, imekwisha, nimewapotezea watu muda na nimempa Mama tumaini la bure. Lakini Dakta aliendelea kukwangua, polepole, halafu mkono ukasimama. Ukingo wa ule mti mfu ulikuwa umenyooka kama rula. Akaufuata mpaka ukakunja, na pale ulipokunja palikuwa na kona, kona ya kweli ya msumeno. Akasukuma patasi kidogo, ikagonga chuma.

Yule kiongozi wa wakataji aliinama akachungulia. "Dakta," akasema, "mti gani huu unaoota na misumari yake?"

Kicheko kilianzia kwenye foleni ya zahanati. Mama alikuwa amekuja, akapita chini ya kamba, akatazama ndani ya lile shimo kwa muda. Kisha akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kifuani kwenye nguo.

"Hicho," akasema, "ni kitundikio cha mume wangu."

Ndiyo, Baba. Mwenye kosa ni wewe. Unakumbuka kabla hujaenda kazi ya mbali mara ya kwanza, nilipokuwa darasa la pili? Ulitaka Mama apate mahali pa kutundika nguo zilizokwisha shonwa, ukachukua ubao uliobaki ulipotengeneza kitanda changu, ukaupigilia kwenye shina uwe kitako cha kitundikio, ukakitia mkono wa kutokeza. Mkono ulivunjika zamani, siku mtoto wa mteja alipobembea juu yake, na Mama akafunga kamba badala yake. Kitako kikasahaulika. Mti ukawa unakivalisha gome kidogo kidogo kila mwaka, mpaka ukakimeza, ukaacha mdomo mwembamba tu, na humo ndimo uyoga ulimotokea. Haukuwa unaula mti wa Mama. Ulikuwa unakula ubao wako.

Wakataji walipojua kwamba wewe ni seremala, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yule mwenye sauti akataka kujua ni seremala gani anayeacha ubao mlaini mvuani bila hata rangi. Mama alikutetea, usijali. Alisema ulikuwa na haraka ya basi, na kwamba mbao zako nyingine zote bado zimesimama, ikiwemo ile inayolaliwa na binti yake huyu hapa.

Dakta aliutoa ule uozo wote kwa kijiko, akaingiza keekee nyembamba ya kutobolea kwenye shina nyuma yake, kisha juu, kisha chini karibu na mizizi. Kila mahali ilitoka na chembe za mbao nyeupe, mbichi, zenye harufu ya tango lililokatwa. Sauti tupu aliyoisikia Bwana Rangi ilikuwa ni ule ubao, basi. Dakta akasema mti ni mzima kuliko yeye. Bwana Rangi alikaa kwenye kigoda cha Mama, chini ya mti ule ule, akaomba maji. Alipomaliza kunywa alisema leo atakula chakula cha mchana, na ndipo nilipogundua kwamba siku zote hizo nilikuwa simwoni akila.

Sasa, Baba, kuna jambo ambalo Baba Mdogo hakukwambia kwa sababu halijui. Nimekuandikia hapo juu kwamba eksi ikapakwa. Sikuandika nani aliipaka. Bwana Rangi alipochovya brashi siku ile alinionea huruma, akaniambia niende nikasimame mwisho wa ukuta, nisitazame. Mimi nikamwomba brashi. Mama alikuwa amegeuka, anakunja vitambaa vyake. Niliipaka mwenyewe, mistari yote miwili. Siwezi kukueleza vizuri kwa nini. Nilifikiri kama ni lazima Mama aondolewe pale, basi asiondolewe na mtu asiyejua kigoda chake kinayumba upande gani. Lakini baadaye, alipokaa kimya nyumbani, niliona nimefanya jambo la kikatili, na nikashindwa kulisema. Rangi ilikuwa imeniingia kwenye kofi, ule ukanda wa kifungo mwisho wa mkono wa shati. Nililikunja shati nikalisukuma chini kabisa ya nguo za kufua.

Siku mti ulipopona nilirudi nyumbani nikalikuta shati limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Makofi yote mawili yalikuwa mapya, ya kitambaa cha bluu, yameshonwa kwa ule mshono wake mdogo anaowawekea maharusi. Nilisimama pale nikishindwa hata kuligusa. Mama akasema kutoka jikoni kwamba rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni, na kwamba mimi ni mtoto wa fundi, nilipaswa kujua hilo.

Nikamuuliza alijua lini. Akasema siku ile ile, alipofua. Aliyakata makofi jioni hiyo hiyo, ila hakupata kitambaa kinachofanana. Nikamuuliza mbona hakusema, mbona alininyamazia. Alikuja akakaa kitandani kwangu, kile chako, akakigonga kwa kiganja kama anakipima. Akaniambia kwamba kila alipotaka kusema aliniona mimi chini ya mti ule, na bakuli langu, kila mchana, na mti ukiniangukia. Akaona kwamba yeye hakuwaza hilo hata mara moja, nimeliwaza mimi. Alisema akifika hapo machozi yanamkaribia, na hakuna fundi anayeweza kulia na pini mdomoni. Kisha akaniambia maneno haya, ambayo nataka uyajue kama alivyoyasema: "Ungeona ukanyamaza ili nisikasirike, hapo ndipo ungenivunja moyo." Halafu akanitania kuhusu sauti yangu, akasema wagonjwa wawili walitoka zahanati wakidhani wameitwa kwa daktari. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mdogo wangu akapiga mluzi bila kujua tunacheka nini.

Hayo ndiyo yaliyokuwepo, Baba. Bwana Rangi alikuja na kopo la rangi ya kijivu ili aifute eksi, Mama akamkatalia. Anasema ni bango la bure. Wateja wapya wanaelekezwa kwa fundi wa Eksi, na hawapotei. Msumari wako Dakta aliuacha, na Mama ametundika futi yake hapo. Chaki inakaa kwenye kopo, kwa masikitiko. Baba Mdogo alipita juzi, akasimama mbele ya mti muda mrefu, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na huo ubao. Mama akampa mapazia ashike upande wa pili. Na mimi, Dakta ameniombea kwa Bwana Rangi niwe nashinda ofisini kwake siku mbili kila wiki, nimpangie uyoga wake kwenye maboksi. Nilikubali, tena kwa sauti.

Mama anasema ukija likizo ulete ubao mgumu, na safari hii usipigilie kwenye mti, uchimbie nguzo chini. Anasema pia uvae ile fulana. Mdogo wangu anataka kiatu cha mpira. Mimi sitaki kitu, Baba, ila utulie huko na ufanye kazi yako bila wasiwasi, maana huku tuko salama, na hilo sikuweza kuliandika wiki iliyopita. Wasalimie wenzako wote kambini, na umshukuru dereva kwa niaba yangu, kwa sababu nilimshukuru kwa kutikisa kichwa tu. Bado najifunza.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha ule uyoga. Dakta ameniruhusu. Usikitupe ukadhani ni takataka. Kipitishe kidole ukingoni, pale ambapo sikufuta. Kikiwa cheupe, ujue umeshika chaki ya Mama.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Sisimizi wako